Boti ya tanga kwa mtu wa Dodoma: anza na tela

Mwaka jana nilinunua boti Dar es Salaam, nikaivuta nyumbani Dodoma. Kabla ya Gairo gurudumu la kushoto la tela likachomoka, likatupita lenyewe barabarani, likaishia kwenye mahindi ya watu. Boti haikupata hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeikagua siku mbili nzima: mlingoti, matanga, kamba moja moja. Tela nililitazama dakika mbili, tena nikiangalia kama taa zinawaka. Kubebwa na lori kutoka pale hadi nyumbani kulinila laki saba.

Sasa kila anayetaka boti ya mkuku, yaani yenye ubao mzito chini unaoizuia isipinduke, ya kuchezea bwawa la umeme la Mtera, ananiuliza achukue ipi. Habari za rangi na matanga sizisemi, muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Mimi naanza na beringi za magurudumu ya tela.

Ukivuta tela zaidi ya kilomita mia hadi bwawani, habu, yaani vitovu vya magurudumu vinavyobeba beringi, zinapata moto. Ukiliingiza majini papo hapo ili kushusha boti, hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa, inanyonya maji kupitia kwenye sili, ule mpira wa kuziba habu. Grisi inageuka nyeupe kama mtindi. Kisha tela linaegeshwa miezi minne chini ya mwembe, kutu inakula beringi taratibu, na yote yamejificha nyuma ya kifuniko cha bati kisichozidi kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo nenda na jeki. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likikwaruza, bei ishuke. Lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, ishuke tena. Fungua kifuniko uione grisi kwa macho yako. Muuzaji akinuna, mwachie boti yake. Na siku ya kwenda bwawani, ukifika, kula samaki kwanza, habu zipoe mpaka uweze kuzishika.

Haya, chaguo langu la kwanza ni Flying Fifteen, na mapenzi yangu sifichi. Mwingereza Uffa Fox aliichora mwaka 1947. Ina urefu wa mita 6 hivi, mkuku unashuka sentimita 76 tu, na uzito wake ni kilo mia tatu na ushee, kwa hiyo hata RAV4 inaivuta na beringi hazilii. Watu wawili wanatosha. Ile ya rafiki yangu, upepo wetu wa Agosti ukivuma, inaruka juu ya maji mpaka unasahau kwamba mna mamba. Chumba haina, na utaloa. Loa.

Ya pili ni Catalina 22 yenye mkuku wa kukunja, ndiyo niliyonunua mimi. Ukiukunja kwa winchi, boti inahitaji maji ya sentimita 60 hivi, na Mtera hilo ni jambo kubwa. Bwawa likijaa maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuzalishia umeme ni 690. Kwa ardhi tambarare kama ile, maji yakishuka ufuko unahama, unabaki unatazama tope. Ila boti inazidi tani moja, na mkuku wake wa chuma unashika kutu. Kagua pini na waya wa winchi, na usikubali tela lisilo na breki.

J/24 naiweka mwisho. Ni boti ya mashindano yenye jina duniani, sikatai. Lakini ina kilo 1,400, na mkuku wa mita 1.22 usiokunjika: ili ielee itoke kwenye tela, tela lenyewe linazama lote. Wenye kreni wataifurahia. Mtera mimi sijawahi kuona kreni.

Za bei chee, zile za kuungwaungwa zinazouzwa na “tela la bure”: hilo tela ndilo litakalokugharimu.

Halafu wauza spea. Nilinunua beringi kwenye boksi la Koyo, chapa ninayoiamini kuliko zote, kwa bei ya Koyo. Fundi alipozifuta mafuta, hazikuwa na maandishi yoyote. Niliporudi dukani nikaambiwa, “Dada, zote si zinazunguka?” Siku hizi nanunua nikiwa na fundi pembeni, boksi linafunguliwa mezani, namba inasomwa kwenye chuma chenyewe ndipo pesa itoke. Wananiita msumbufu.

Catalina yangu naiuza. Jumamosi alikuja baba mmoja na dalali wake, akaizunguka mara tatu, akapapasa ubavu, akapiga picha mlingoti, akauliza bei ya mwisho. Nikaenda stoo nikamletea jeki. Dalali akanitazama kama nimetukana.