Uzoefu Wangu: Kutazama Tamthilia Kenya National Theatre, Nairobi

Nilikwenda Kenya National Theatre, katika Barabara ya Harry Thuku, kutazama tamthilia ya Kiswahili iliyoandaliwa hasa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wanaotahiniwa kuihusu, na kilichonivutia zaidi ya uigizaji wenyewe ni jinsi hadhira ilivyojiona kuwa mwenye nyumba. Wanafunzi walimzomea kiongozi fisadi mara tu alipojitokeza jukwaani, kisha wakamtangulia kusema maneno yake, kwa kuwa wameyahifadhi. Naye mwigizaji, badala ya kukasirika, akanyamaza kidogo ili kuwapisha.

Uhuru huo haukuja bure. Jengo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, nalo likasimama mkabala na Norfolk, hoteli ya walowezi. Kwa miaka mingi, hata baada ya bendera kubadilishwa, jukwaa lilitawaliwa na michezo ya Kiingereza kutoka ng'ambo. Mwaka 1976, tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi, kuhusu kiongozi wa Mau Mau, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, pamoja na Betrayal in the City, ya Francis Imbuga, zilipoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, mjini Lagos, waandalizi walilazimika kung'ang'ania siku chache za kuzionyesha hapo, kwa sababu ratiba ilikuwa imekwisha kutengewa maonyesho ya kigeni. Ngũgĩ amesimulia jinsi watazamaji wa mchezo wa Kimathi walivyoinuka wakaimba na kucheza pamoja na waigizaji hadi nje. Miaka sita baadaye, kikundi cha Kamĩrĩĩthũ, chenye wakulima na wafanyakazi wa Limuru, kiliukuta ukumbi umefungwa kilipofika na mchezo wake, Maitũ Njugĩra. Watu walikuwa wakifurika Chuo Kikuu cha Nairobi, hapo jirani, kutazama mazoezi tu ya mchezo huo.

Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Si mkubwa, nami nauhesabu udogo huo kuwa faida, maana hata aliyeketi nyuma huuona uso wa mwigizaji, na kicheko cha safu moja huambukiza safu zote. Kikundi nilichokitazama kilichelewa kuanza na kiliharakisha sehemu ya mwisho ya mchezo, lakini mwigizaji aliyecheza nafasi ya mama mjane alistahili nauli yangu yote.

Wapo wanaopendelea vichekesho vya wikendi, ambavyo huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na ambavyo pia vina wafuasi wake. Mimi ningemshauri mgeni aanze na maonyesho ya wanafunzi, na mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne aandamane naye, mradi aulize mapema kama waandalizi wanauza tiketi kwa watu binafsi, kwani maonyesho mengine hulipiwa na shule nzima.