Kabla ya kununua kisanduku cha filamu, pekua droo kwanza

Mashine ya kukuonyeshea filamu zako sebuleni huenda unayo tayari, imelala mahali inakula vumbi. Anza nyuma ya TV yenyewe. Kama ina tundu la USB na inafungua mafaili yako yote bila kugoma, nunua flashi tu, habari imeisha. Tatizo ni kwamba TV nyingi hufungua faili moja vizuri, na linalofuata hutoa picha bila sauti.

Hapo ndipo watu hukimbilia kuuliza RAM ngapi na spidi gani. Mimi huuliza jambo jingine: chipu yake inaweza kufungua video ya aina gani? Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na chipu yenye sehemu maalumu ya kuifungua huicheza bila jasho. Isiyo nayo hutumia nguvu zake zote, feni inalia, picha inakwamakwama. H.264, mbano wa mwaka 2003, unafunguliwa na karibu kila kifaa. HEVC wa mwaka 2013 ndio mchujo wenyewe, kwa sababu filamu nyingi za 4K zimebanwa hivyo, tena kwa biti 10, yaani zenye vivuli vingi zaidi vya rangi.

Kati ya vifaa vya kupekua, nafasi ya kwanza naipa laptopu iliyopasuka kioo. Kioo kikishapasuka hakuna anayeitaka, bei inaanguka, na wewe kioo hukihitaji. Picha inatoka kwa waya wa HDMI. Kwa chipu za Intel, angalia tarakimu zinazofuata kistari: i5-6200U ni kizazi cha 6, i5-7200U cha 7. Cha 6 hufungua HEVC ya biti 8, cha 7 hufungua na ya biti 10. Kama filamu zako ni H.264 za 1080p, hata kizazi cha 2 cha mwaka 2011 kinatosha. HDMI ya laptopu nyingi za kizazi cha 6 na cha 7 hutoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, lakini filamu za sinema kwa kawaida ni 24, kwa hiyo hutaona pengo.

Usinunue bila kujaribu. Nenda na flashi yenye faili zito kuliko yote uliyonayo, lifungue, kisha angalia Task Manager ya Windows upande wa GPU, yaani sehemu ya picha. Mchoro wa Video Decode (kazi ya kufungua video) ukipanda na CPU, chipu kuu, ikatulia, lipa. CPU ikigonga asilimia 100 huku mchoro ule umelala, mrudishie mwenyewe. Papasa pia betri: padi ya kugusa ikiwa imeinuka, betri imevimba, na betri ya hivyo haiingii nyumbani mwangu.

Ya pili ni kompyuta ndogo za ofisini, zile bapa zinazofungwa nyuma ya skrini. Hazipigi kelele wala hazina betri ya kuvimba. Kanuni ya kizazi ni ileile. Nyingi zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI, basi weka adapta kwenye hesabu.

Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja mdogo, naiweka ya tatu, na najua kuna watakaonuna. Kama unayo droo­ni, ipandishe hadi ya kwanza: Pi 4 hufungua HEVC ya 4K, haifiki wati 10, na rimoti ya TV huiendesha kupitia waya wa HDMI wenyewe, jambo ambalo kompyuta nyingi haziwezi. Pi 3 iachie 1080p ya H.264. Lakini ukianza kununua kila kitu kipya, yaani kadi ya memori, kasha, chaja ya volti 5 na ampea 3, waya wa HDMI wenye kichwa kidogo, jumla inakimbia hadi inaipita laptopu ya mtumba.

Simu ya zamani ni ya nne, kwa sababu ni bahati nasibu. Tundu la USB-C halimaanishi simu inatoa picha, nyingi hazitoi. Jaribu na waya wa kuazima.

Kisanduku cha Android kisicho na jina, cha mtumba au kipya cha bei ya kutupa, kinashika mkia. Vingine vimekutwa na programu haribifu tangu kiwandani. Kompyuta kubwa ya mezani inafaa, ila huweza kula wati 50 au zaidi kwa kazi ya wati 10.

Na kama unachotaka ni huduma za filamu za kulipia, acha yote haya ununue kifaa chenye kibali chao. Kompyuta mara nyingi hupewa picha ya ubora mdogo hata kama chipu inaweza zaidi.

Programu hainunuliwi. LibreELEC, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, huingia kwa flashi na kukupeleka moja kwa moja kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu, na simu yako ya Android inakuwa rimoti kwa programu ya Kore. Pesa iliyobaki nunulia kasha la USB la ile diski ya laptopu iliyokufa. Ya inchi 2.5 hujiendesha kwa umeme wa USB. Ya inchi 3.5 inataka chaja yake ya volti 12. Iumbize (format) kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili. Ukiiumbiza kwa FAT32 ya zamani, faili la kuanzia GB 4 hukataliwa, na nusu ya watu huishia kulaumu diski.