Kle ya mafilme ya John Huston: nilinunua juu ya Kongo, nikabaki na Meksiko

Basi nilinunua kle (clé USB, flash ya komputa) ya giga 16 kwa kijana mumoja wa kujaza mafilme pembeni ya soko ya Kenya huku Lubumbashi, dola tano, ndani mafilme sita ya muzee John Huston, mwongozaji wa filme, na kusema kweli nilikuya paka juu ya moja, African Queen, sababu tangu niko mutoto nasikiaka ile balikamatia kwetu Kongo. Njo kweli. 1951 balifika na makamera mpaka ku muto Ruiki, ngambo ya Ponthierville, leo tunaita Ubundu, mashua ya filme ikazama bakaitosha tena, karibu bote bakagonjwa tumbo, Katharine Hepburn, yule mwigizaji mwanamuke, alichoka kabisa, paka Huston na Humphrey Bogart, mwigizaji mwanaume, njo balibaki bazima, banasemaka juu balikuwa banakunywa whisky pa fasi ya mayi.

Filme yenyewe? Muzuri, yule mama wa misioni na yule mulevi banagombana mu mashua sawa bibi na bwana ba miaka 20, na Bogart alipata pale Oscar yake moja tu ya maisha. Lakini mimi nilikuwa natafuta Kongo ndani. Batu beusi banaonekana pa mwanzo banaimba mu kanisa, banapita kidogo tena, inabaki muto na miti. Hata pale Bogart anatoka mu mayi na maruba yamemushika mwili, ile balikamatia ku studio Uingereza, balikuwa banaogopa magonjwa ya mayi yetu!

Sasa ile yenye sikuwa na habari nayo njo ilininyima usingizi. Le Trésor de la Sierra Madre, ya 1948. Bamarekani batatu, hawana kitu, banapanda mulima Meksiko kutafuta zahabu. Niliangalia na baba mudogo, yeye alichimbaka Kolwezi miaka mingi, kwanza akanung'unika filme gani haina rangi. Halafu kale kazee Howard (njo Walter Huston, baba ya Huston mwenyewe) kanaanza kueleza juu ya nini zahabu iko bei kali: batu 1000 banaenda kutafuta, mumoja anapata, basi ile bei iko kazi yake pamoja na ya bale 999 benye balikosa. Baba mudogo akasema rudisha nyuma. Tulirudisha mara tatu. Kisha pale Bogart anaanza kushuku benzake, usiku halali, kila mutu anaficha yake peke yake, nikataka kusema kitu, akaniambia nyamaza mutoto, ule namujua. Baba na mutoto boote balipata Oscar juu ya ile filme, Huston mbili, muzee moja.

Shida ni hii: kopi yetu ilikatika mbele ya mwisho, nafikiri dakika 20. Hasira yenye baba mudogo alikuwa nayo! Kesho yake nilirudi kwa kijana, alibadirisha bila makelele, lakini ile ingine iko ya Kifaransa na sauti inatangulia midomo. Tulivumilia. Na penye aliandika Moby Dick, kufungua ni filme ya karate.

Zingine fasta: Le Faucon maltais (1941, ya kwanza yake kuongoza) weka telefone mbali, ukigeuza kichwa umepoteza kamba. Quand la ville dort, ya wezi ba mawe ya bei, Marilyn Monroe anapita kidogo bado hajakuwa mukubwa. L'Homme qui voulut être roi, 1975, Sean Connery na Michael Caine, ile iko na rangi, batoto ba nyumbani balikaa kimya mpaka mwisho na hiyo haitokeaka.

Nyota 4 kwa mafilme, 2 kwa kijana, angalia kila kopi pale pale mbele ya kulipa. Kle yenyewe siko nayo, baba mudogo aliipeleka kuonyesha bale balichimbaka naye, iko wiki ya tatu hii.