Baltic ya Gateshead: hela yako ya loto ipo hapa, nenda kaione

Wadau mnaokaa Uingereza, hasa nyie wa huku kaskazini Newcastle, Sunderland, Durham na kwingineko, naomba sana mwende Baltic, jumba la maonyesho ya sanaa ya kisasa lililopo mji wa Gateshead, ng'ambo ya mto kutoka Newcastle. Kiingilio bure, hakuna wa kukuuliza unajua nini kuhusu sanaa, na kama wewe ni mtu wa kununua loto (bahati nasibu ya taifa) dukani ndo kabisa, maana lile jengo limefufuliwa kwa hela za tiketi. Mi nawapa nyota tano. Lawama ninayo moja ila si ya Baltic, ni ya mfumo mzima, nitaifikia.

Jengo lenyewe lilikuwa kinu cha unga kando ya mto Tyne upande wa Gateshead, kilianza kusaga 1950, kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 80, likabaki gofu. Wangeweza kubomoa wakapiga fleti za matajiri hapo basi, lakini wakaacha zile kuta ndefu za matofali, jina la kinu bado unalisoma kutoka ng'ambo ya mto, wakang'oa maghala ya nafaka yote ndani na kuweka ghorofa mpya za maonyesho. Likafunguliwa Julai 2002. Mfuko wa loto kupitia Arts Council, yaani baraza la sanaa, ulitoa zaidi ya paundi milioni 33 za ujenzi, na juu yake, hii muishike vizuri, wakatengewa na fungu la kuendeshea miaka ya mwanzo.

Ndani hawana mkusanyiko wa kudumu kwahiyo kila ukienda unakuta kitu kingine, leo ukumbi mzima una nguo zimening'inizwa, miezi michache mbele ni video au michoro mikubwa kama ukuta wa nyumba. Vingine vitakugusa vingine vitakupita, ni sawa tu, umeingia bure, unahamia ghorofa nyingine. Wahudumu wanaosimama kwenye kumbi ukiwauliza wanakuelezea kwa lugha ya kawaida na hawana haraka. Watoto wanapenda lifti za vioo, wakubwa panda juu kabisa uangalie mto na madaraja yote yamejipanga, na kuanzia majira ya machipuko kuna wale ndege wa baharini wanaitwa kittiwake wanataga kwenye kingo za ukuta wa nje, makelele yao yanasikika mpaka ng'ambo.

Sasa hela inafikaje pale. Loto ya taifa ya Uingereza ilianza Novemba 1994, na tangu hapo sehemu ya kila tiketi inakatwa kwenda kwenye shughuli za jamii. Hiyo sehemu ukiigawa, asilimia 20 inaenda sanaa, 20 michezo, 20 urithi na mambo ya kale, 40 inayobaki afya, elimu, mazingira na misaada. Ya sanaa inashikwa na mabaraza ya sanaa ya England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, filamu wana BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Waziri hakai mezani kuchagua kikundi gani kipewe, msanii au kikundi kinaandika maombi, baraza linapima, linatoa au linakataa. Na si lazima uwe jumba kubwa, England hata msanii mmoja mmoja anaomba ruzuku ya mradi kuanzia paundi 1,000. Wasanii wetu mliopo huku nawaambia hili kwa msisitizo maana wengi mnajitolea mfukoni miaka na miaka na hamjawahi hata kujaza fomu.

Kwanini naisifia Gateshead kuliko sehemu nyingine? Kwasababu mwanzoni watu walilalamika na walikuwa na haki. Mwaka 1995 Royal Opera House ya London ikapewa zaidi ya paundi milioni 78 za loto, magazeti yakawaka, yaani mnunua tiketi wa kawaida analipia ukumbi ambao kiti chake hakimudu! Gateshead wakaleta hela kwa watu wenyewe. 1998 wakasimamisha sanamu ya Malaika wa Kaskazini ya mchongaji Antony Gormley, chuma cha rangi ya kutu, urefu mita 20, mabawa mita 54, pale palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Iligharimu kama paundi 800,000 na nyingi ni za loto. Wenyeji wengi waliipinga kabla haijajengwa, mwaka huohuo mashabiki wa timu ya soka ya Newcastle wakaivisha jezi kubwa ya mshambuliaji wao Shearer, leo jaribu kumwambia mtu wa Gateshead iondolewe uone. Likafuata daraja la miguu linaloinama kupisha meli, kisha ukumbi wa muziki wa 2004 ambao sasa unaitwa The Glasshouse, vyote vina hela ya loto ndani yake.

Ila hela ya jengo peke yake haitoshi. Sheffield walijenga kituo cha muziki wa pop cha paundi milioni 15, milioni 11 za loto, kikafunguliwa Machi 1999, watu hawakuja kwa idadi iliyotarajiwa, 2000 kikafungwa, baadaye likaja kuwa jengo la umoja wa wanafunzi wa chuo kikuu. Ndo maana nilisema lile fungu la uendeshaji la Baltic mlishike, ukijenga bila kufikiria mshahara wa mlinzi na umeme wa mwaka wa tatu unajenga gofu jipya.

Lawama yangu sasa. Mama wa watu ananunua tiketi ya paundi 2 kila Jumamosi miaka nenda rudi, ukimuuliza Baltic anakuambia kule ni kwa wasomi. Inaniuma sana. Nembo ya loto kwenye majengo haya inawekwa kidogo pembeni ya mlango, mi nataka pale dukani tiketi inapotoka mashine iandikwe jina la jumba lililo karibu na wewe lililojengwa kwa hela hiyo. Na Nairobi na Dar wanaopanga kodi za kubeti na bahati nasibu ziende kwenye sanaa waanze na hilo kabla ya mengine.

Kufika ni rahisi, shuka stesheni ya Newcastle, teremka hadi mtoni, vuka hilo daraja la miguu. Angalia siku za kufungua kwenye tovuti yao kwanza. Na tiketi za loto msizitupe, huwa kuna wiki ya shukrani, mara nyingi Machi, ukionyesha tiketi au kadi ya kukwangua sehemu nyingi zilizofadhiliwa zinakupa ofa au unaingia bure hata zile ambazo siku nyingine zinalipisha.