Bajeti binafsi ya matunzo hapa Uingereza: naipa nyota nne

Niseme mapema kwamba naongelea England, Scotland wana sheria yao ya 2013 na mambo yanaenda tofauti kidogo. Shangazi yangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, anaishi kwenye fleti yake na habari za nyumba ya wazee hataki hata kuzisikia. Mwanzoni kansoli, yaani serikali ya mtaa, walimpangia kampuni ya walezi, na kwa kweli wale wadada hawakuwa wabaya, shida ni kwamba kila siku sura mpya na saa ya kuja inapangwa na kampuni. Unakuta kiangazi, saa kumi na mbili jioni jua bado kali, mtu kafika kumlaza maana ndo nafasi waliyonayo. Na maghribi huku kiangazi inaingia saa tatu na kitu usiku, sasa mtu ameshalazwa na kuinuka mwenyewe hawezi, atatawadha vipi? Ile ndo iliyokuwa inamuumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndo tukaomba bajeti binafsi. Kwa wasiojua, sheria ya Care Act ya 2014, iliyoanza kazi Aprili 2015, inasema mtu akishafanyiwa tathmini ya mahitaji yake na akaonekana anastahili, kansoli lazima wamwambie kwa pauni matunzo yake yanagharimu kiasi gani, wao watatoa ngapi na yeye atachangia ngapi, na hiyo ndo bajeti binafsi. Hiyo pesa unaweza kuwaachia kansoli waisimamie, au uichukue mwenyewe kama malipo ya moja kwa moja, au uchanganye. Kuchukua mwenyewe kulianza 1997 ila wazee waliozidi miaka 65 waliachwa nje mpaka 2000, yaani mtu kama shangazi angeambiwa hapana kwa sababu ya umri tu, mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Sisi tulichukua yote mkononi. Shangazi akatafuta msaidizi wake mwenyewe, akamhoji mwenyewe kwenye kochi lake, swali la kwanza alimuuliza "mwanangu, utaweza kunisubiri nimalize kuswali?" Yule binti sasa anakuja asubuhi kidogo na usiku wakati shangazi anapotaka, anamwekea beseni na kiti pale bafuni, anammiminia maji, na kwa mkono wa kushoto shangazi anaosha mwenyewe polepole na hakimbizwi na mtu. Ijumaa wanahamisha masaa ya mchana ili ampeleke msikitini. Hakuna kupiga simu kuomba ruhusa ofisini, wanakubaliana wawili tu. Mimi hapo ndipo natoa nyota zote bila kufikiri, maana yule mama amerudi kuwa mwenye nyumba yake.

Nyota iliyopungua ni hii. Ukiajiri mtu wewe ndo bosi, kwa hiyo bima ya mwajiri lazima (kisheria isiwe chini ya pauni milioni 5), kodi ya mshahara, likizo ya kulipwa, na pensheni mshahara ukifika kiwango. Kuna kampuni za kuandaa mishahara zinasaidia sana, chukueni, ila hakikisheni gharama zake zimo ndani ya bajeti, maana pesa inatakiwa itoshe mahitaji na gharama za kuajiri pia. Sisi hesabu ya kwanza kansoli walitupa saa za kazi tupu, bima hamna likizo hamna, tukakataa kusaini mpaka waandike upya, wakaandika. Risiti nazo mtunze zote, na pesa ikilundikana kwenye akaunti bila maelezo wanaweza kuirudisha kwao.

Halafu watu wengi wanaogopa kuomba wakidhani akiba itawanyima. Tathmini ni haki ya mtu yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, haijalishi ana pesa ngapi. Hesabu ya pesa inakuja baadaye, ukiwa na akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida unajilipia, chini ya 14,250 hawaigusi akiba ingawa kipato wanakiangalia. Na kama unatunziwa nyumbani kwako, thamani ya nyumba unayoishi haihesabiwi, hili wambieni wazee wenu jamani, wengi wanateseka kimya wakihofia nyumba zao kuuzwa.

Jambo lingine, ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mgonjwa kwa kawaida halipwi kumhudumia mpaka kansoli waone ni lazima na wakubali. Mimi naishi kwangu kwa hiyo halikunihusu, ila najua familia imekwama hapo.

Kila mwaka wanakuja kupitia mpango upya na hapo muwe macho, mwaka huu walitaka kupunguza masaa ya usiku, shangazi akawaonyesha daftari ambalo msaidizi anaandika kila siku kafanya nini na kuanzia saa ngapi, masaa yakabaki vilevile. Kwa hiyo daftari lianze siku ya kwanza msaidizi anapoingia kazini.