Nyumba ya wazee, nje kidogo ya Thika: nyota 2

Mama alikaa hapa miezi 4 baada ya kupooza upande wa kushoto. Chumba kisafi, uji wa wimbi mzuri, na yule dada wa asubuhi, Mungu ambariki, alimwita "shosho" na kumpaka mafuta miguuni. Shida ni usiku: mhudumu mmoja, wazee 18. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, asipate vidonda vya kulala. Siku moja nilifika saa 11 alfajiri, nikakuta karatasi ya ukutani ya kuonyesha Mama amegeuzwa saa ngapi imeshatiwa alama hadi saa 1 asubuhi! Nilipofunua shuka, kidonda cha nyongani kilikuwa upana wa kifuniko cha soda. Ukienda kukagua, usingoje saa ya wageni. Mama nimemrudisha nyumbani, kidonda kinaanza kukauka.