Sigma 150-600 Contemporary: niliibeba kwa basi mpaka Waterkloof kwa foto ya Gripen, ndeke ya vita

Wandugu, naandika hii juu watu wengi hapa L'shi (Lubumbashi) wananiuliza ile foto ya ndeke ya vita nilikamata na objektifu gani: ni hii Sigma, zoom ya milimita 150 mpaka 600. Kazi yangu mi ni foto za ndoa, mu komini za hapa, Katuba, Kenya, Ruashi, kila jumamosi niko mu sale, na kwa ndoa milimita 600 haikusaidii kitu. Lakini ndeke za vita nazipenda tangu niko mtoto, na kwetu hapa usijaribu kabisa, ukitoa apareyi karibu na Luano, uwanja wa ndeke, unajitafutia shida na askari. Njo nikafunga safari, basi, Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, mpaka Pretoria, mwezi wa 9 mwaka 2024, kwa Africa Aerospace and Defence, ile onyesho ya kila miaka miwili mu kambi ya ndeke ya Waterkloof. Siku 3 za kwanza ni za wenye biashara, sisi wengine tunaingia wikendi.

Objektifu sikununua, nilikodi hapa mjini. Uzito wake karibu kilo 2, ukiongeza apareyi yangu, Canon 7D Mark II, unakaribia kilo 3, na hiyo unainua juu, unafuata ndeke, unashusha, unainua tena, saa 6 mfululizo. Jioni sikuweza kuinua mkono wa kushoto kuchana nywele. Trepie, ile ya miguu mitatu, usibebe, kwa ndeke ya vita haina kazi, inakufunga tu.

Sasa mazuri yake. Mu 7D ile 600 inaona kama 960, juu sensa yake ni ndogo, unazidisha mara 1.6. Kuna swichi ya fokasi mara nyingi watu wanaiacha, iweke ku mita 10 mpaka mwisho. Usipoiweka, ndeke ikitoka kidogo tu ku nukta ya fokasi, objektifu inakimbia kutafuta vitu vya karibu, inarudi, na kabla irudi Gripen imeshapita. Na stabilizata, ile inapunguza kutikisika, iweke ku 2, ile ya kufuata kitu kinachoenda pembeni. Halafu zoom unaweza kuizungusha ao kuivuta mbele na nyuma kwa mkono, mi nilivuta, juu ndeke inakuja kutoka mbali kama nzi na sekunde chache imejaa foto nzima, kuzungusha hauwahi.

Vitesi niliweka 1/1600 ya sekunde, tundu la objektifu f/8, ISO (nguvu ya sensa kushika mwangaza) 400, jua kali. Inafunguka mpaka 6.3 ku 600 lakini ku f/8 foto inakuwa safi zaidi, na mchana mwangaza upo wa kutosha. Kwa ndeke za elisi, zile za mapanga ya kuzunguka, teremsha vitesi mpaka 1/200 hivi, bila hiyo elisi inasimama kama imezima mu hewa, foto inakufa.

Ningewaomba kitu kimoja, usiende bila kuzoea. Mi wiki 2 mbele nilikuwa nakaa nyuma ya soko kila asubuhi nafuata mwewe, wale wanaozunguka juu ya nyama. Siku ya kwanza foto 200 na nzuri 3. Siku ya mwisho macho ya mwewe yanaonekana. Bila wale mwewe ningerudi na mbingu tupu.

Gripen ilipopita, kitu cha kwanza ni sauti, inakuingia mu kifua, na mi mikono ilitetemeka kweli. Rubani akageuza tumbo ya ndeke juu, akarudi upande wetu amelala pembeni, na pale nikafinya kitufe bila kuachia. Foto ya 4 njo ile munaiona: kofia ya rubani, kichwa amegeuza kutuangalia, na misumari midogo ku bawa unaweza kuihesabu. Nilikaa chini ku majani nikaiangalia mu skrini kwa muda mrefu, jirani yangu akaniuliza kama niko sawa.

Saa 8 mchana ikaharibika. Joto linapanda ku beto ya pisti, njia ya ndeke kurukia, na ndeke zinazoruka chini zote zinatoka kama ziko ndani ya maji, namba ya mkia haisomeki. Hapo objektifu haina kosa, hata ya dola 10000 ingefanya vile. Kamata za chini asubuhi mapema, mchana piga za juu tu.

Duka la kukodi sitataja jina. Bei dola 20 kwa siku ni sawa, garanti dola 300 ilinirudia yote, lakini walinipa bila paresoleyi, kile kifuniko cha mbele cha kuzuia jua, na skrubu ya pete ya kufungia objektifu ku trepie ilikuwa imelegea, nimeiona Kasumbalesa usiku wakati ilianguka mu begi. Kagua kila kitu mbele yao kabla ya kulipa. Na waombe karatasi yenye namba ya objektifu, uonyeshe watu wa duane (forodha) wakati wa kutoka, wakati wa kurudi hakuna maswali mingi.

Mwenye kutaka foto zote za asubuhi, ziko 61 nzuri, aniambie nimtumie.